Meno ya Kupimia Mpunga

Siku ya kuniaga kazini, wenzangu wa chumba cha meno waliandaa keki na kreti za soda. Nimefanya kazi hii hapa Mpanda tangu nywele zangu zikiwa nyeusi bila msaada wa dukani, na miaka yote hiyo nimewaambia watu wapunguze sukari na soda. Watu niliowafundisha kwa mikono yangu wakaona njia nzuri ya kunishukuru ni sukari na soda. Kifungulio kilipopotea, Shukuru, kijana aliyerithi kiti changu, akatia chupa mdomoni na kuifungua kwa gego. Watu wakapiga makofi. Mimi nilifumba macho.

Ni Shukuru huyo huyo aliyenitia kwenye shughuli hii. "Mama Gaude," alisema, "yale uliyokuwa unatusimulia tukisubiri vyombo vichemke, yaandike. Sisi tutasoma." Haya, naandika. Vyeo na mishahara sitagusa, anayetaka hayo akaulize utumishi. Nitawaandikia nyie mliobaki pale chumbani mambo ninayoyakumbuka bila kujilazimisha, na zaidi ya yote meno ya mzee mmoja wa Usevya ambaye nusura yanishinde.

Nianze na aliyenipokea. Tabibu Remijius, tuliyemwita Mzee Remi, alikuwa mwembamba mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka shati la ndani likaanza kuonekana. Chumba chake kilikuwa na kiti cha chuma kilichokataa kulala, jiko la mafuta ya taa la kuchemshia makoleo, chupa ya mafuta ya karafuu, na mashine ya kuchimbia meno inayokanyagwa kwa mguu kama cherehani. Umeme ulikuwepo mjini, ila ulikuwa na ratiba yake binafsi. Kwa hiyo siku yangu ya kwanza, baada ya masomo yote yale, kazi niliyopewa ilikuwa kukanyaga. Yeye anachimba, mimi nakanyaga, mgonjwa anasali. Nikichoka, mashine inazubaa, mgonjwa anafumbua jicho moja ananiangalia kwa huruma, halafu anakumbuka mwenye kustahili huruma ni nani. Jioni nilirudi nyumbani Kawajense nikichechemea, mama yangu akauliza kama hospitali wameniajiri au wamenigonga.

Mzee Remi hakuwa mtu wa mihadhara, lakini neno moja alilirudia mpaka likaniingia. "Gaude, usimuulize mtu jino lipi linauma. Hilo atakuonyesha kwa kidole bila kuulizwa. Muulize anaweka nini mdomoni wakati hana njaa." Mwanzoni nilidhani ni maneno ya uzee. Akanifafanulia kwamba chakula kina saa zake, mate yanapata nafasi ya kusafisha na jino linapumua. Kinachomaliza meno ni vile vitu vidogo ambavyo mtu anavitia kinywani kutwa nzima na ukimuuliza atakuapia hajala kitu.

Nilimwelewa nilipoanza kwenda Mwese. Kule milimani tulikuwa tunapanda kwa pikipiki, na pale pikipiki inaposhindwa tunaishuka na kuisukuma, yaani yenyewe ndiyo inapelekwa kliniki. Alikuja mrina asali mmoja, magego yote yana mashimo. Nikamuuliza kama anapenda vitu vitamu. Akachukia kabisa. "Mi sili tamu, daktari. Sukari hata kwenye chai siweki." Nikamuuliza swali la Mzee Remi. Akafikiri, akasema labda asali, lakini asali ya kazini hailiwi, inakaguliwa. Kila mzinga lazima uonje, na ukionja lazima uonje tena usije ukasema uongo. Ndivyo alivyokagua mpaka akabaki na mizizi.

Mwese hiyo hiyo ndiko nilikojifunza kwamba jino lina macho. Mtu anatembea na shavu limevimba tangu alfajiri, anashuka vilima akilia, lakini akishaona koleo tu, maumivu yanakwisha. Anaanza kusalimia watu foleni nzima, anauliza habari za mahindi, mwisho ananong'ona, "Daktari, unajua limetulia? Naona nirudi tu." Nyie mtakutana nao. Msiwaruhusu, maana jino hilo litakumbuka kuuma mgonjwa akishavuka kilima cha kwanza.

Mzee Remi alipostaafu aliniachia kioo chake kidogo cha kutazamia meno, na mimi nikaendelea na ziara za vijijini. Ndipo nilipofika Usevya kwa zamu ya wiki, wakati wa mavuno ya mpunga. Barabara inapita hifadhini, na dereva wetu alikuwa na adabu kwa tembo kuliko alivyokuwa nayo kwa abiria. Tulifika tumechelewa, na mtu wa kwanza kwenye benchi alikuwa bibi mmoja mfupi, amemshika mumewe kiwiko kama mwizi aliyekamatwa sokoni.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Mimi Leokadia. Huyu mwenzangu anaitwa Pankrasi. Muulize kwa nini anakunywa maji ya moto."

"Napenda tu," mzee akajibu, mdomo nusu umefungwa.

"Anapenda! Tangu lini? Kila maji lazima nipashe, kama nahudumia mzazi. Jana kanywa ya mtungini kwa bahati mbaya, karuka mpaka kofia ikadondoka."

Nilimkalisha, nikamfungua kinywa, nikaingiza kioo cha Mzee Remi. Magego yalikuwa mazima, mazuri hata. Lakini yale ya mbele, juu na chini, yalikuwa yameliwa. Sikuona shimo wala uozo. Yamekuwa membamba kama sabuni ya mwisho wa mwezi, ncha zake unaona mwanga kupitia, na umanjano wa ndani umeanza kuchungulia. Gamba gumu la juu ya jino, ambalo sisi kazini tunaliita enameli, lilikuwa linamuaga huyu mzee taratibu. Na gamba hilo, likishaondoka, halioti tena. Ukucha unaota, nywele zinaota, hata mkia wa mjusi. Enameli hapana.

Sasa lazima mjue Mzee Pankrasi alikuwa nani. Usevya mpunga hauingii mashineni mpaka uwe umekauka sawasawa, kwa sababu ukikobolewa bado una maji unatoka chenga, na chenga hata kuku wanazila kwa kukuonea huruma. Karibu kila mkulima hujipimia kwa kuuma punje, lakini mpimaji aliyeaminiwa na wote alikuwa Pankrasi. Alikuwa anapita uwanja wa kuanikia, turubai baada ya turubai, anachukua punje, anaiuma kwa meno ya mbele, anasikiliza. Ikilia "ta!" anasema "Kavu," na watu wanaanza kuzoa. Ikibonyea anasema "Bado," na hakuna anayebisha. Bwana Hamisi, mwenye mashine, hakuwasha injini bila neno lake.

Bibi Leokadia akanieleza lililomleta hasa. Msimu ule, mpunga wa watu watatu uliopitishwa na Pankrasi ulitoka chenga tupu. Wanawake walianza kunung'unika. Bwana Hamisi, kwa heshima zote, alikuwa amemwambia mzee kwamba ikitokea tena atamtafuta mpimaji mwingine.

"Mwambie ukweli," Bibi akasema.

Mzee akaangalia viatu vyangu. "Siwezi kuuma, mwanangu. Nikiuma, kichwa chote kinawaka. Kwa hiyo naishika punje mdomoni, nakadiria, nasema kavu. Mimi sina ng'ombe, shule sikumaliza. Nina meno. Watu wakija kuniita asubuhi, wanaita meno haya. Ng'oa yote, uniweke ya bandia. Ya plastiki hayaumi."

"Ya plastiki hayaumi, baba, na hayasikii," nikamwambia. "Utauma punje na kokoto, yote utasema kavu."

Nilimwonea huruma kwelikweli. Nimeona watu wakilia kwa meno, lakini huyu alikuwa analilia kazi yake, na kazi hiyo ilikuwa chakula cha kijiji. Nikamuuliza swali letu: anaweka nini mdomoni akiwa hana njaa? Akasema hakuna. Pipi hali, soda inamjaza upepo. Akaapa kwa mtakatifu wa jina lake.

Kesho yake nikamfuata uwanjani. Sikukaa sana. Alitia punje mdomoni kujifanya anapima, akatema, halafu akaingiza mkono mfukoni na kutoa ndimu iliyokatwa. Akaibana kwenye meno ya mbele, akainyonya, macho yamefumbwa kwa raha.

"Baba, hiyo ni nini?"

"Hii? Ya kusafishia ulimi. Unga wa mpunga ukiganda huwezi kusikia punje vizuri."

"Unanyonya kila turubai?"

"Ndo kazi yenyewe. Lakini siili, mwanangu. Naitema."

Nikakumbuka asali ya Mwese. Nilipomfuata hadi nyumbani mchana nikaona sura ya pili: mzee anajisugua meno kwa jivu lililochanganywa na unga wa tofali, kwa nguvu ya mtu anayeng'arisha sufuria ya msiba. Alijivunia weupe. Basi kutwa ndimu inalainisha gamba, halafu kabla halijapata nafuu anakuja na tofali kulikwangua. Hata sufuria ya msiba isingemaliza msimu.

Nilimweleza, akacheka. Ndimu ni dawa, babu yake alinyonya, na babu alikufa na meno yote. (Bibi Leokadia akasema babu alikufa kijana.) Nikaona maneno hayatoshi. Nikaomba yai, nikalizamisha kwenye kikombe cha maji ya ndimu, nikasema tusubiri mpaka kesho. Yai lilianza kutoa mapovu pale pale, na majirani waliokuja kuangalia wakarudi nyuma hatua kadhaa, isipokuwa Bibi Leokadia, aliyekuwa amegundua tu kwamba yai limetoka chini ya kuku wake anayeatamia.

Kesho yake nililitoa. Nikalipitishia kidole, gamba likatoka kama uji uliokauka. Yai likabaki na ngozi tu, linatikisika kiganjani. Watu wakaguna. Nikamwangalia mzee kwa ushindi.

"Umeona, baba?"

"Nimeona," akasema. "Lakini mimi si kuku."

Aliyeniokoa ni mkewe. Alilichukua lile yai, akaliweka kwenye kiganja cha mumewe, akamwambia, "Haya, liume tuone kama unasikia kitu." Mzee alilitazama muda mrefu. Kisha akatoa ndimu mfukoni, akampa mbuzi. Mbuzi naye akaikataa.

Tukaanza kazi. Yale ya mbele niliyapaka dawa ya floridi ya kukazia gamba lililobaki, na yaliyokatika ncha nikayafunika kwa dawa nyeupe ya kuzibia. Jivu na tofali marufuku. Mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi, asubuhi na kabla ya kulala, ukimaliza tema tu, usisukutue sana. Ulimi atasafisha kwa maji. Na kama amekula kitu kichachu, asukutue kwa maji, asubiri nusu saa, ndipo apige mswaki, maana gamba linakuwa bado laini. Halafu nikamwambia lile gumu: kuuma punje kwa meno ya mbele basi. Ahamie pembeni, kwenye magego madogo yaliyo nyuma ya chonge, ambayo ndimu haikuyafikia.

Alishtuka kama nimemwambia aandike kwa mkono wa kushoto. "Haya ya pembeni hayajasoma! Yanajua ugali tu."

"Yafundishe. Una muda mpaka mavuno mengine."

Nilirudi Mpanda nikijisifu. Nilikuwa sijui kwamba habari inaposafiri Usevya inadondosha mizigo njiani. Nilisema ukila kichachu subiri, ndipo upige mswaki. Kufika nyumba ya jirani, "ndipo upige mswaki" ilikuwa imeshadondoka. Msimu wa embe bichi ukaingia, na ukwaju, na kila mtu kutwa anatafuna kichachu. Kwa hiyo kila mtu, kwa kumheshimu daktari, akaacha mswaki. Simu alinipigia katekista wa kigango cha Usevya.

"Mama Gaude, njoo uondoe katazo."

"Katazo gani?"

"La miswaki. Wanakwaya wakiimba 'Aleluya' mimi nakaa karibu na mlango."

Nilikwenda mbio. Jumapili baada ya misa wakanipa nafasi ya kusema. Nilieleza upya, taratibu, nusu saa ni nusu saa tu, si msimu. Mama mmoja akasimama akauliza kwa haki kabisa: nusu saa ni kiasi gani, na saa ukutani hana, simu haina chaji? Katekista akaninong'oneza, na mimi nikatangaza: ukila kichachu, sukutua maji, sali rozari na litania, polepole bila kukimbiza, halafu piga mswaki. Kanisa zima likaitikia kwa kichwa. Hilo lilieleweka mara moja, na halikudondosha kitu njiani. Bwana Hamisi alinisubiri nje. "Na sie Waislamu je, embe hatuli?" Nikamwambia awashe mkaa wa chai, ikichemka vizuri, ashike mswaki kwanza, chai baadaye.

Aliyeumia ni Mzee Pankrasi, ambaye rozari yake ilikuwa imetundikwa msumarini tangu ndoa. Bibi Leokadia aliitungua yeye mwenyewe. Aliniambia amesali miaka mingi mume wake arudi kwenye sala, na hakujua kumbe alihitaji embe bichi tu.

Wakati huo huo magego yalikuwa darasani. Kila jioni Bibi alimfunga mzee kitambaa machoni na kumpa punje, nyingine kavu, nyingine amezilowanisha. Mwanzoni yalifeli. Alisema kavu kwa punje iliyokuwa inadondosha maji. "Ulimi umekuambia ni mbichi, wewe unasikiliza nini?" "Nasikiliza jino!" Walikuwa wakigombana mpaka majirani wanakuja kusuluhisha, na majirani nao wanaombwa kuuma.

Mavuno yalipofika nilijipangia ziara makusudi. Uwanja ulikuwa umejaa turubai, watu wamesimama. Bwana Hamisi aliniambia pembeni kwamba ameshaongea na mpimaji wa kijiji cha pili. Anampa mzee siku hii moja. Turubai la kwanza lilikuwa la mtu mwenye haraka, gari lake linasubiri. La pili lilikuwa la Bibi Leokadia.

Mzee alichukua punje ya la kwanza. Akaisukuma pembeni ya kinywa kwa ulimi, shavu likavimba kidogo. Mimi nilikuwa nimebana pumzi. Akauma. Hakuruka, hakushika shavu. Alisikiliza.

"Bado."

Mwenye mpunga akalalamika kwamba jua limepiga siku zote hizo, na huyu mzee si ana meno ya viraka? Mzee akaenda la mkewe. Akauma. "Na huu bado."

"Pankrasi," Bibi akasema polepole, "nina wageni Jumamosi."

"Wageni watakula nini, chenga? Bado, mke wangu."

Yule mwenye haraka akabeba wake, akamlazimisha Hamisi awashe. Mchele ukatoka umevunjika vunjika. Bwana Hamisi alichota kiganjani, akaangalia, akazima injini. Bibi akasubiri mpaka siku ya pili yake. Mzee akauma tena, na nilipokuwa nimesimama hata mimi niliisikia: ta! Punje za Bibi zilitoka ndefu, nzima, zinang'aa. Mpimaji wa kijiji cha pili hakuitwa. Mzee alinijia, akafungua mdomo wote pale hadharani nimtazame, na mimi nikatazama, na machozi yalinitoka kwa furaha. Nimeng'oa meno mengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Hayo niliyoyaacha mdomoni ndiyo ninayojivunia.

Sasa nirudi kwenye keki. Muda mfupi baada ya Shukuru kupigiwa makofi kwa gego lake, mlango ulifunguliwa akaingia Mzee Pankrasi na mkewe, vumbi la hifadhi mpaka kwenye kope, na kiroba cha mchele begani. Mgeni rasmi alikuwa ameanza hotuba. Mzee hakujali. Alikiweka kiroba mbele yangu, akasema kwa sauti, "Mwanangu, huu nimeuuma mwenyewe." Hakuna zawadi nyingine ya siku ile ninayoikumbuka.

Walimpa keki na soda ya limau. Nilimwona akisita, akaniangalia, mimi nikageuza uso. Mtu hasafiri mbali hivyo akanywa maji tu. Alikula, akanywa. Halafu akaomba maji, akasukutua dirishani, akarudi kwenye kiti, akatoa rozari, akainamisha kichwa. Hotuba ikaendelea kuhusu utumishi wangu uliotukuka, na mzee midomo inacheza, punje baada ya punje, macho yamefumbwa. Ukumbi ukaingiwa na utulivu. Mgeni rasmi mwenyewe aliguswa, akashusha sauti, akaniinamia.

"Mama, mzee huyu anakupenda. Anakuombea nini?"

Mfukoni mwa shati lake mswaki ulikuwa unachungulia.

"Anasubiri, mheshimiwa," nikasema. "Akimaliza litania, muonyesheni bomba lilipo."